Visima vitakatifu vya Ayalandi: mzunguko, kitambaa, maji, na makosa yanayoua mti

#1 Mtondoo

Wakuu, ile picha ya mti uliojaa vitambaa kando ya kisima huko Ayalandi imerudi tena mitandaoni, na kama kawaida imekuja na maelezo mawili: "uchawi wa Kizungu" au "funga kitambaa uombe unachotaka". Yote mawili siyo. Naweka utaratibu wenyewe hapa, wanaojua zaidi wasahihishe.

Kwanza, tusifikirie kamba na ndoo. Kisima kitakatifu, kwa Kiayalandi *tobar beannaithe*, mara nyingi ni chemchemi ndogo iliyozungushiwa mawe, wakati mwingine na paa dogo la mawe juu yake, maji yakiingia upande mmoja na kutoka kwa mfereji upande wa pili. Makadirio ya kawaida ni visima 3,000 hivi katika kisiwa kizima. Vingi vina jina la mtakatifu, na huyo ndiye somo wa kisima. Siku yake huitwa *pátrún*, neno lenye asili moja na *patron* la Kiingereza, yaani msimamizi. Bríd (Brigida wetu) ni 1 Februari, Gobnait ni 11 Februari, Declan wa Ardmore ni 24 Julai, Ciarán wa Clonmacnoise ni 9 Septemba. Vingine hufanyiwa Jumapili ya mwisho ya Julai, msimu wa zamani wa kufungua mavuno.

Kinachofanyika pale kinaitwa *turas*, yaani safari. Mfuatano wa kawaida ni huu. Mtu anafika na kutia nia. Kama desturi ya kisima hicho ni kuvua viatu, anavua. Anaokota vijiwe kwa idadi ya mizunguko, ambayo huwa 3, 7 au 9. Anazunguka kisima, au kisima pamoja na kaburi na magofu ya kanisa, akisali Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe. Kila akimaliza mzunguko anaweka kijiwe kimoja kwenye ukuta au juu ya jiwe lililozoeleka. Vijiwe vikiisha mkononi, mizunguko imeisha. Anasali Nasadiki, ndipo anagusa maji: kunywa kwa kiganja mara tatu, au kupaka penye maradhi. Kitambaa au kitu cha kuacha kinakuja mwisho kabisa.

Kosa la kwanza la wageni ni kuanza na maji. Kwa wenyeji maji ni hitimisho. Aliyekunywa bila kuzunguka amekunywa maji tu.

#2 Kipimajoto

Mkuu, huo mzunguko tunaambiwa ni wa "kufuata jua". Jua lipi? Dar mwezi wa Juni jua la saa sita liko kaskazini, Desemba liko kusini. Ukifuata jua la hapa utajikuta unageuza njia katikati ya mwaka.

#3 Mtondoo

Swali zuri. Ayalandi iko kaskazini sana, kati ya digrii 51 na 55 hivi, kwa hiyo mwaka mzima jua la mchana liko kusini. Linatoka mashariki, linapita kusini, linazama magharibi. Ukitembea hivyo kuzunguka kitu, unakwenda kama mishale ya saa na kisima kinabaki upande wa mkono wako wa kulia. Neno lao ni *deiseal*. Kanuni ya mguuni ni hiyo tu: mkono wa kulia kwenye kisima.

Kinyume chake ni *tuathal*, na hiyo si ajali ndogo. Kwenye kisiwa cha Inismurray, pwani ya Sligo, kuna mawe ya mviringo yaitwayo *clocha breaca*, na simulizi zinasema aliyetaka kumlaani mtu aliyageuza kinyume cha jua. Kwa hiyo ukikuta watu wanazunguka, usiingie kwa kukutana nao uso kwa uso. Jiunge nyuma.

#4 Bi Nasadiki

Niongeze mfano mmoja kwa karibu, maana kila kisima kina ramani yake na anayezunguka bila kuijua hukosea vituo.

Baile Bhuirne, Kaunti ya Cork, kwa Mtakatifu Gobnait, somo wa wafuga nyuki. Turas inaanza kwenye sanamu iliyochongwa na Séamus Murphy mwaka 1951, ambapo Gobnait amesimama juu ya mzinga. Kuna kisima cha karibu, kuna magofu ya nyumba ya mviringo, kuna kaburi, kuna magofu ya kanisa, na kisima cha pili kiko chini zaidi barabarani. Sala ni kwa saba saba. Kwenye vituo utaona misalaba iliyochimbika ndani ya mawe: kila mwenye kuzunguka huchukua kijiwe na kuukwaruza msalaba uleule, mara moja, akipita. Haikuchongwa na fundi. Ni mikwaruzo ya watu wengi kwa miaka mingi, ndiyo maana mifereji yake ni laini na mipana kuliko ya patasi. Basi usianzishe msalaba wako mpya kwenye jiwe tupu. Huko ni kuharibu kaburi.

Na kuna *Tomhas Ghobnatan*, kipimo cha Gobnait. Parokia ina sanamu ya mbao ya karne ya 13 ambayo hufungiwa na kutolewa sikukuu ya 11 Februari na Pentekoste. Watu huja na utepe wa kushonea, wanaunyoosha juu ya sanamu kutoka kichwani hadi miguuni, kisha wanauzungusha mwilini mwake. Utepe unarudi nyumbani. Mtu akiumwa koo unazungushwa shingoni, mnyama akiumwa unawekwa juu yake. Utepe huu HAUFUNGWI mtini. Wageni wengi huchanganya hapa: kitambaa cha mtini kinaondoka na ugonjwa, utepe wa kipimo unakaa na baraka. Ni vitu viwili vinavyokwenda pande mbili tofauti.

#5 Mkomamanga

Vitambaa ndivyo vinavyofanana na mizimu ya pwani, tusikatae. Mapangoni na kwenye mibuyu kuna vitambaa, ubani na marashi.

#6 Fundi Mikasi

Vinafanana kwa macho, Mkomamanga, kwa kazi havifanani. Kitambaa cha mzimu wetu kwa kawaida ni sadaka au alama ya nadhiri, kwa hiyo hutafutwa kipya na rangi huchaguliwa. Cha Ayalandi ni kinyume: lazima kiwe kikuukuu na kiwe kimemgusa mgonjwa. Kinachukua maradhi. Kikioza, maradhi nayo yanaisha. Hiyo ndiyo mashine nzima, na ukiielewa utajua kila kinachoharibika.

Kinavyofanywa: kata au chana kipande kutoka nguo ya mgonjwa, upana wa kidole, urefu wa shibiri. Pamba, kitani au sufu. Kichovye kwenye maji yaliyokwisha kutoka kisimani, kwenye mfereji, si ndani ya kisima. Pangusa nacho penye maradhi. Kifunge kwa kitanzi kilicholegea kwenye kitawi kidogo, fundo moja. Mti wenyewe mara nyingi ni ule mdogo wa miiba wanaouita *sceach*, au *fuinseog* (kwa Kiingereza *ash*).

Yanayoharibika:

Nailoni na poliesta. Haziozi. Kwa mantiki ya desturi yenyewe ugonjwa nao hauishi, na kwa mantiki ya mti, tawi linanenepa huku kamba hainyooki, gome linakatwa, chakula cha mti hakipiti, tawi linakauka kuanzia pale. Riboni za zawadi, kamba za viatu, barakoa, mifuko ya plastiki, vyote vimeshaonekana mitini. Hata mashati ya siku hizi yameandikwa pamba nje na ndani nusu ni poliesta. Kujua ni rahisi: choma uzi mmoja nyumbani. Pamba inaacha jivu jepesi na harufu ya karatasi. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Mafundo ya kukaza. Hata pamba ikikazwa sana inaweza kuumiza tawi kabla haijaoza.

Sarafu, na hizi ndizo mbaya kuliko zote. Kule Clonenagh, Kaunti ya Laois, kulikuwa na mkuyu wa Ulaya uliohusishwa na Mtakatifu Fintan, maji yakituama kwenye uwazi wa shina lake. Watu walipigilia sarafu kwenye gome kwa miaka mingi hadi mti ukadhoofika, na mwaka 1994 ukaanguka. Kila sarafu ni kidonda kinachoingiza kuvu, tena kina chuma au shaba ndani yake. Sarafu za senti 1, 2 na 5 za yuro ni chuma kilichopakwa shaba. Zikilala kisimani zinashika kutu na kuchafua maji wanayokunywa wenzako.

Miti ya *fuinseog* ina tatizo lake pia: ugonjwa wa kuvu unaoua jamii hiyo ulithibitishwa Ayalandi mwaka 2012. Mti mgonjwa usiongezewe mzigo.

#7 Kipimajoto

Sasa kwa nini wasifungue tu vile vya plastiki wakatupa?

#8 Fundi Mikasi

Kwa sababu imani inasema anayefungua kitambaa cha mwenzake anabeba ugonjwa uliomo. Kwa hiyo kazi hiyo huachiwa watunzaji wa kisima, wenyeji wanaofanya usafi kabla ya siku ya somo. Wewe mgeni usiguse. Unaloweza ni kutoongeza.

#9 Mpimamaji

Niingie kwenye maji, maana hapa ndipo watu wanaweza kuumia kweli.

Sehemu kubwa ya Ayalandi, hasa Clare, Galway na Mayo, imekaa juu ya mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango. Mvua ikinyesha malishoni, maji hayachujwi na udongo mzito. Yanadumbukia kwenye ufa na kutokea chemchemini ndani ya siku chache, pengine saa chache. Ng'ombe na kondoo wako juu, makaro ya nyumba za vijijini yako juu. Yanayosafiri nayo ni *E. koli* na *kriptosporidiamu*, vijidudu vya kuharisha. Nchi hiyo kwa miaka mingi imekuwa juu kabisa Ulaya kwa viwango vya ile *E. koli* hatari inayoweza kuharibu figo za watoto, na visima vya binafsi ni moja ya njia zake. Maji kuwa maangavu na baridi (ya ardhini kule huwa nyuzi 10 au 11 hivi) hayasemi lolote kuhusu vijidudu. Siku mbili baada ya mvua kubwa ndiyo mbaya zaidi.

Kutokosa desturi bila kuugua: gusa midomo kwa kidole kilicholowa badala ya kunywa kiganja kizima, au paka kwenye paji. Mtoto mchanga, mjamzito, mwenye kinga dhaifu, asinywe kabisa. Kuchemsha kunaua vijidudu, dakika 1 tangu yaanze kutokota inatosha. Ila hapo mnagongana na simulizi: visa kutoka kaunti nyingi vinasema maji ya kisima kitakatifu hayachemki hata ukimaliza kuni. Kuna mwanamke aliyeyapikia viazi, viazi vikabaki vigumu. Mwingine akafulia nguo, kesho yake kisima kimehamia ng'ambo ya barabara. Hiyo ya kuchemka ni fundisho la "usiyatumie jikoni", fizikia ni ileile. Ile ya kuhama si ya kucheka sana: kwenye mawe ya chokaa, ukichimba mtaro au kupasua mwamba karibu, chemchemi hukauka na kutokea mita kadhaa pembeni.

Kuhusu usafi wa kisima chenyewe: majani na tope hutolewa kwa mkono na koleo. Sabuni na klorini ziachwe, maji yanakwenda mtoni. Kosa kubwa la wenye nia njema ni saruji. Wanasakafia ukingo, wanaziba njia ya kutokea, maji yanasimama, mwani unaota, halafu wanashangaa kisima "kimekasirika". Mifereji iachwe wazi kwanza, urembo baadaye. Vingi vimeorodheshwa kama kumbukumbu za kihistoria, huchimbi bila kutoa taarifa.

#10 Binti Kongwa

Mpimamaji umenena. Nataka niguse macho, kwani visima vya macho ni vingi mno katika orodha yao.

Sababu ipo. Nyumba za maskini hazikuwa na bomba la moshi, na moto ulikuwa wa mboji kavu (udongo wa kinamasi uliokaushwa) mchana na usiku. Ukaja njaa kuu ya 1845 hadi 1852, watu wakasongamana kwenye makambi ya kuhifadhi maskini (*workhouse*), na maradhi ya macho ya kuambukiza yakaenea vibaya kati ya 1849 na 1851. Aliyeyaandika kwa takwimu ni William Wilde, daktari wa macho wa Dublin aliyefungua hospitali ya St Mark's mwaka 1844, baba yake Oscar Wilde. Huyohuyo alikusanya pia desturi za wananchi.

Watu wa Kongwa na Turkana wanaijua trakoma bila kufundishwa. Kuosha uso ni sehemu ya mkakati wa kuidhibiti: tongotongo likiondoka, nzi hapati cha kufuata. Kwa hiyo mtu aliyeagizwa kuosha macho kisimani siku tatu au tisa mfululizo alikuwa anafanya kitu chenye mantiki, na ubaridi unapunguza uvimbe na kuwasha. Lakini ugonjwa huohuo unapita kwa kitambaa cha pamoja na beseni la pamoja. Kumi wakichovya nyuso kwenye bakuli moja la jiwe, wa kwanza anawagawia tisa.

Struell, karibu na Downpatrick, unaona mpangilio ulivyo. Kijito kimoja kinapita chini ya majengo: kisima cha kunywa, kisima cha macho, kisha nyumba za kuogea, ya wanaume na ya wanawake. Kunywa kwanza, kuoga mwisho. Ukifika popote pale, tafuta mkondo unakotoka, chota juu, osha chini, na maji yaliyogusa jicho yasirudi. Mwenye lenzi za machoni azitoe na asiguse maji hayo kabisa. Kuna amiba ya maji baridi inayokaa chini ya lenzi na kula konea.

Chunjua nazo zina mawe yao, yale mawe makubwa yenye kishimo kinachoshika mvua. Unachovya, unaacha ikauke yenyewe, unarudia. Zinapona kweli mara nyingi, na kwa watoto nyingi hupotea zenyewe ndani ya miaka 2 hata bila jiwe. Asiyedhurika nalo aachwe nalo.

#11 Mkomamanga

Na kile kisima cha wendawazimu? Nimesoma kina litiamu, kwa hiyo ni dawa ya kweli ya hospitali.

#12 Mpimamaji

Tobar na nGealt, bonde la Gleann na nGealt, Kaunti ya Kerry. Waliochanganyikiwa walikunywa maji na kula mmea wa majini unaoota pale, *biolar*. Litiamu ipo kweli, vipimo vilivyotangazwa vilikuwa mikrogramu 55 hivi kwa lita. Sasa piga hesabu. Miligramu 900 za litiamu kabonati kwa siku, dozi ya kawaida tu, zina litiamu halisi miligramu 169 hivi. Gawanya. Unahitaji lita 3,000 na ushei kila siku, tangi zima la juu ya nyumba. Aliyeandikiwa vidonge asiviache kwa sababu ya habari hiyo, kuacha ghafla ni hatari. Kama bonde lilimsaidia mtu, tafuteni kwenye kutulia, kulishwa na kukaa mbali na waliomfukuza, si kwenye kikombe.

#13 Kipimajoto

Kanisa linasemaje? Hili si linakaribia tambiko?

#14 Bi Nasadiki

Lilibadilika badilika. Waliopiga marufuku kwanza walikuwa watawala Waprotestanti: sheria ya 1704 iliwatoza faini ya shilingi 10 waliokusanyika visimani na shilingi 20 wenye vibanda vya pombe na vyakula, asiyelipa akachapwa viboko hadharani. Haikufaulu. Kilichovipunguza visima zaidi ni maaskofu Wakatoliki wenyewe wa karne ya 19. Walichoshwa na ulevi na mapigano ya koo kwa koo jioni ya *pátrún*, maana asubuhi ilikuwa sala na jioni marungu. Na njaa ikawaondoa waliokuwa wanazunguka. Leo padre anasali misa kisimani, na tangu 2023 nchi ina mapumziko ya taifa ya Bríd mwanzoni mwa Februari.

Anayetaka utaratibu wa kisima fulani asitegemee vipeperushi vya watalii. Mwaka 1937 hadi 1939 wanafunzi wa shule za msingi walitumwa kuwauliza wazee wao na kuandika kwenye madaftari, na visima vilikuwa mojawapo ya mada. Madaftari hayo yako bure kwenye tovuti ya dúchas.ie, yanatafutika kwa kaunti na parokia. Mtoto wa miaka kumi na mbili ameandika idadi ya mizunguko, wapi pa kuanzia, na nini kilimpata aliyefulia nguo pale.

#15 Mkomamanga

La mwisho. Mgonjwa yuko kitandani, hawezi kufika. Inakuwaje?

#16 Mtondoo

Mtu mwingine anamzungukia. Anataja jina la mgonjwa anapotia nia, anafanya mizunguko yote bila kupunguza, anatumia kipande cha nguo ya mgonjwa, anarudi na maji. Kuna pia *brat Bríde*: kitambaa kinachoachwa nje usiku wa kuamkia 1 Februari, kwenye kichaka au dirishani, na asubuhi kinaingizwa kikiwa na umande. Hukunjwa na kuwekwa, mtu akiumwa kichwa kinafungwa kichwani. Hicho hakihitaji hata kisima.

Maji ya kubeba: chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto, ijazwe pale yanapoingilia, iandikwe jina la kisima na tarehe, ikae gizani. Ni ya kupaka, kwa sababu alizoeleza Mpimamaji. Kisima cha Doon, Kaunti ya Donegal, kina masharti yake: viatu unavua, unasali sala za nia yako, halafu unaongeza sala kwa kila chupa unayoondoka nayo. Ndugu zako wakikuagiza chupa sita, hesabu mapema. Hakuna bei ya jumla.